Setilaiti za kuchunguza ardhi: nani hupanga, nani hulipa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu hukutana na picha za setilaiti zikiwa zimeshaandaliwa: ramani ya msitu uliofyekwa, eneo lililofunikwa na mafuriko, shamba lililokauka. Ukurasa huu unahusu yanayotangulia picha, yaani mipango, bajeti na maamuzi ya serikali yanayofanya picha ziwepo au zikosekane. Mifano mingi inatoka Marekani kwa sababu mpango wake wa Landsat ndio mkongwe kuliko yote, na historia yake ya fedha iko wazi, mazuri na mabaya yake.

## Mambo ya msingi

1. Setilaiti ya kiraia ya kuchunguza ardhi ni nini hasa?

Ni setilaiti inayolipiwa na serikali kwa matumizi ya umma, inayopiga picha nchi kavu na pwani kwa utaratibu usiobadilika: mahali palepale, karibu saa ileile ya mchana, kila baada ya siku kadhaa. Landsat 8 na Landsat 9 huzunguka kilomita 705 juu ya ardhi. Kila moja hupiga ukanda wenye upana wa kilomita 185 na hurudi mahali palepale baada ya siku 16. Kwa kuwa zimepishanishwa, eneo moja hupata picha kila baada ya siku 8.

Kihisi chake hakifanani na kamera ya kawaida. Hupima mwanga tunaouona na ule tusiouona, hasa infraredi. Jani lenye afya hurudisha infraredi nyingi. Mmea ukianza kudhoofika, kiwango hicho hushuka. Ndiyo maana mtaalamu anaweza kubaini kwenye namba kwamba mazao yana shida hata kabla rangi yake haijabadilika waziwazi.

2. Ina tofauti gani na setilaiti ya hali ya hewa au ya kijeshi?

Setilaiti ya hali ya hewa hutazama eneo kubwa mara nyingi kwa siku, bila undani mwingi. Ya kijeshi hutazama sehemu chache zilizochaguliwa, kwa undani mkubwa na kwa siri. Ya kuchunguza ardhi iko katikati: undani wa kutosha kutofautisha shamba na shamba, upana wa kutosha kufunika dunia nzima.

Matatizo yake ya fedha yanaanzia hapohapo katikati. Hali ya hewa ina mamlaka yake na fungu lake la bajeti. Jeshi lina wizara ya ulinzi. Picha za ardhi zinatumiwa na watu wa kilimo, misitu, maji, maafa, mipango miji na bima, na kila mmoja anadhani mwingine ndiye anayepaswa kulipa (tazama swali la 6).

3. Kwa nini serikali ilipe wakati kampuni binafsi zina setilaiti zao?

Kampuni hufanya kazi nzuri, na baadhi yao hutoa picha zenye undani mkubwa kuliko za serikali. Lakini kampuni hupiga picha pale penye mteja. Haina sababu ya kibiashara ya kupiga kila kipande cha nchi kavu, mwaka baada ya mwaka, kikiwemo kile ambacho leo hakuna anayekiulizia. Thamani ya picha ya ardhi hujulikana baadaye. Ziwa dogo ambalo halikumshughulisha mtu mwaka 1985 linaweza kuwa ndilo linalogombaniwa sasa, na hakuna anayeweza kurudi 1985 kulipiga picha. Jaribio la kuiachia biashara kazi hiyo limeelezwa kwenye swali la 11.

4. Ni nchi zipi zenye mipango ya aina hii?

Marekani ilianza tarehe 23 Julai 1972. Ufaransa ilirusha SPOT 1 mwaka 1986, India IRS-1A mwaka 1988, na Kanada setilaiti ya rada, Radarsat-1, mwaka 1995. China na Brazil zilirusha CBERS-1 pamoja mwaka 1999. Japani ilirusha ALOS mwaka 2006, na Umoja wa Ulaya ulianza kurusha setilaiti za Sentinel mwaka 2014. Zipo pia nchi zilizoanza na setilaiti ndogo, kama Algeria (Alsat-1, 2002) na Nigeria (NigeriaSat-1, 2003).

## Mipango

5. Mpango wa setilaiti huanzia wapi, na huchukua muda gani?

Huanza na mtu mwenye kazi ya kufanya ardhini na anayekosa taarifa. Mwaka 1966 Stewart Udall, aliyekuwa waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani (wizara ambayo huko hushughulika na ardhi na maliasili za umma, si polisi), alitangaza kwamba wizara yake inataka setilaiti ya kuchunguza rasilimali za dunia. Aliyemsukuma ni William Pecora, mkurugenzi wa taasisi ya jiolojia ya nchi hiyo, USGS. Miaka 6 ya mabishano ilipita kabla NASA haijarusha setilaiti yenyewe, iliyoitwa ERTS-1 na baadaye Landsat 1.

Inafaa kutazama kwa karibu kilichokuwa ndani yake. Kifaa kikuu kilikuwa kamera za mfumo wa televisheni. Kando yake kilipachikwa kifaa cha majaribio kilichobuniwa na kundi la mhandisi Virginia Norwood wa kampuni ya Hughes: kioo kinachocheza huku na huku, kikikusanya mwanga mstari kwa mstari katika bendi nne (mafungu ya mwanga yanayopimwa kila moja peke yake), kila pikseli, yaani kitone kimoja cha picha, ikiwakilisha takribani mita 80. Wengi hawakukiamini kifaa chenye kioo kinachotikisika. Wiki chache baada ya kurushwa, mfumo wa kamera ukapata hitilafu ya umeme na kuzimwa. Kifaa cha Norwood kikaendelea kufanya kazi hadi setilaiti ilipostaafu mwaka 1978, ingawa ilikuwa imeundwa kudumu mwaka mmoja tu. Mpangaji mwenye busara huacha nafasi ya kifaa cha pili.

Hadi leo, kutoka kukusanya mahitaji ya watumiaji hadi kurusha, huwa ni miaka 6 hadi 10. Maana yake ni kwamba serikali inayoidhinisha setilaiti mara nyingi huwa imeondoka madarakani siku inaporushwa, na hiyo peke yake inaeleza kwa nini wanasiasa si wepesi wa kuweka sahihi.

6. Kwa nini mipango hii hukosa mwenyewe serikalini?

Kwa sababu watumiaji wako kila wizara. Historia ya Landsat ni ya kupokezana mtoto. NASA iliijenga kama jaribio la kisayansi. Mwaka 1979 Rais Carter akaamuru ikabidhiwe kwa NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa. Mwaka 1984 sheria ikaielekeza kwenye sekta binafsi. Mwaka 1992 sheria nyingine ikairudisha serikalini, safari hii chini ya NASA na wizara ya ulinzi. Wizara ya ulinzi ikajitoa baada ya kutofautiana na NASA kuhusu kifaa cha picha za undani zaidi na nani alipe gharama zake. Mwaka 1994 Rais Clinton akagawa kazi upya kati ya NASA, NOAA na USGS, na baadaye NOAA nayo ikatoka.

Kilele cha kukosa mwenyewe kilifika mwaka 1989. NOAA iliishiwa fedha za kuendesha Landsat 4 na 5, ikatoa maagizo zizimwe. Setilaiti zilikuwa nzima, juu angani, zikipiga picha. Ziliokolewa dakika za mwisho baada ya watumiaji wa ndani na nje ya nchi kupiga kelele, na Bunge pamoja na ofisi ya Makamu wa Rais kuingilia kati.

Mwaka 2007 kikosi kazi cha serikali kilitoa mpango wa kuwa na programu ya taifa ya picha za ardhi, ikiongozwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Pendekezo hilo lilikuwa sahihi, na ni pigo kwamba halikutekelezwa lote. Mgawanyo uliopo sasa ni kwamba NASA hubuni, hujenga na hurusha. USGS huendesha setilaiti, hupokea data na kuitunza katika kituo cha EROS karibu na Sioux Falls, Dakota Kusini.

7. Nani huamua setilaiti ibebe vifaa gani?

Kwenye karatasi, huamuliwa na wataalamu baada ya kukusanya mahitaji. Kwa vitendo, bajeti huamua nusu, na watumiaji wanaojitokeza kudai huamua nusu nyingine.

Mfano mzuri ni kihisi cha joto cha Landsat 8. Mpango wa awali wa setilaiti hiyo haukuwa nacho, ili kupunguza gharama. Wasimamizi wa maji wa majimbo ya magharibi ya Marekani walishtuka. Huko Idaho walikuwa wamezoea kutumia joto la uso wa ardhi kukadiria maji yanayotumika mashambani: shamba linalonyweshewa hupoa kwa sababu maji yanageuka mvuke, kavu hupata joto, na tofauti hiyo ikipitishwa kwenye hesabu hutoa kiasi cha maji kwa kila shamba. Bila kihisi hicho, ugawaji wa maji na mashauri ya haki za maji yangekosa ushahidi uliozoeleka. Walipeleka madai yao kwa wabunge hadi kihisi kikarudishwa. Lakini kilirudishwa kwa kuchelewa, kikajengwa haraka, na kikapewa muda wa kudumu wa miaka 3 wakati kifaa kikuu kilipewa miaka 5. Landsat 9 ilipokuja mwaka 2021, kihisi chake cha joto kilikuwa kimeimarishwa.

8. Kwa nini kuwe na setilaiti za rada pia?

Kwa sababu ya mawingu na usiku. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea yanayorudi, kwa hiyo hupiga picha ya mafuriko hata wingu likiwa limefunika kila kitu. Serikali inayopanga kwa ajili ya maafa na inategemea picha za mwanga wa jua peke yake itazikosa siku ileile inayozihitaji.

## Fedha

9. Setilaiti moja hugharimu kiasi gani, na fedha huenda wapi?

Landsat 8 iligharimu takribani dola milioni 855. Sehemu kubwa huenda kwenye vihisi, chombo kinachovibeba, na roketi. Kihisi huwa ghali kwa sababu hakitakiwi kuonyesha tu. Kinatakiwa kupima, na kipimo cha mwaka huu kilingane na cha miaka 30 iliyopita. Kukipima na kukisahihisha kabla na baada ya kurushwa ni kazi ndefu.

Fungu linalosahaulika ni la ardhini: vituo vya kupokea mawimbi, kompyuta za kuchakata, hifadhi ya data, na watu wa kuisimamia kwa miaka yote ambayo setilaiti iko hai. Nchi ikipanga bajeti ya kujenga na kurusha tu, imepanga sherehe ya uzinduzi. Ukisoma mpango wowote wa setilaiti, tafuta kwanza mstari wa gharama za uendeshaji. Usipouona, uliza.

10. Bajeti hupitishwaje Marekani, na Ulaya je?

Marekani hupitisha fedha mwaka kwa mwaka, na mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Oktoba. Ugumu ni kwamba fedha za NASA hupitia kamati ndogo moja ya Bunge, na za USGS hupitia nyingine. Kamati inayolipia ujenzi si inayolipia uendeshaji, na hakuna kinacholazimisha maamuzi yao yaende sambamba. Bajeti ikichelewa, serikali huendeshwa kwa matumizi ya muda kwa viwango vya mwaka uliotangulia, na kwa kawaida miradi mipya hairuhusiwi kuanza. Kwa kazi ya miaka 8, kusimama miezi michache kila mwaka ni hasara kubwa: mafundi hutawanyika na mikataba hupanda bei.

Umoja wa Ulaya hupanga kwa miaka 7 kwa mkupuo. Mpango wake wa Copernicus, wenye setilaiti za Sentinel, ulipangiwa takribani euro bilioni 4.3 kwa miaka 2014 hadi 2020, na euro bilioni 5.42 kwa 2021 hadi 2027. Pembeni kuna Shirika la Anga la Ulaya, ESA, ambalo nchi wanachama hulichangia kwa ahadi zinazotolewa kwenye mikutano ya mawaziri, kwa kawaida kila baada ya miaka 3. ESA hufuata kanuni kwamba nchi inayochangia hupata kandarasi za viwandani zinazokaribiana na mchango wake. Kanuni hiyo hupandisha gharama nyakati nyingine, lakini huwapa mawaziri kitu cha kwenda kuonyesha nyumbani. Utaratibu wa Ulaya nao si salama kabisa: Uingereza ilipotoka kwenye Umoja, ushiriki wake katika Copernicus ulisimama na mchango uliotarajiwa kwa setilaiti mpya ukaingia mashakani, hadi iliporejea Januari 2024.

Kwa maoni yangu, bajeti ya miaka 7 inafaa zaidi kwa kazi hii kuliko ya mwaka mmoja. Setilaiti haijengwi kwa msimu.

11. Je, iliwahi kubinafsishwa? Ilikuwaje?

Ndiyo. Sheria ya mwaka 1984 ilitaka Landsat iendeshwe kibiashara, na mwaka 1985 kampuni ya EOSAT, iliyoundwa na Hughes na RCA, ikapewa kazi ya kuuza picha. Hoja ilikuwa kwamba soko lingekua hadi lijenge setilaiti zake lenyewe.

Soko halikukua kiasi hicho. Bei ya picha moja ilifika dola 4,400 hivi, na aliyenunua hakuruhusiwa kumgawia mwenzake. Mtafiti aliyehitaji picha 20 alinunua 2. Baya zaidi halikuonekana wakati ule: maeneo yasiyo na wateja yalipigwa picha chache sana, na ukitafuta leo picha za sehemu nyingi za dunia kati ya katikati ya miaka ya 1980 na miaka ya 1990, unakuta miaka mitupu. Kila anayefanya utafiti wa mabadiliko ya ardhi amekutana na miaka hiyo, na hakuna fedha inayoweza kuijaza.

Sheria ya mwaka 1992 ilifuta mkondo huo na kusema data itolewe kwa gharama ya kumfikishia mtumiaji. Picha za Landsat 7, iliyorushwa 1999, ziliuzwa dola 600 kila moja.

12. Kwa nini sasa picha ni bure? Nani anazilipia?

Walipa kodi wa nchi husika wamezilipia tayari. Kumwuzia mtu picha ni kumtoza mara ya pili, na gharama ya kukusanya malipo hula sehemu kubwa ya kinachokusanywa.

Brazil ilitangulia kwa kutoa picha za CBERS bure kwa watumiaji wake mwaka 2004. USGS ilitangaza mwaka 2008 kwamba hifadhi nzima ya Landsat itafunguliwa. Katika mwaka bora wa mauzo, 2001, zilikuwa zimeuzwa picha kama 25,000. Zilipofanywa bure, mwaka mmoja tu ulitosha kupakuliwa takribani milioni moja. Mwaka 2013 Ulaya ikaamua kwamba data ya Sentinel itakuwa huru na wazi, na uamuzi wa Marekani ulikuwa mfano mkubwa mbele yake.

Tazama maana yake kwa vitendo. Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na Chuo Kikuu cha Maryland lilitoa ramani ya kupotea na kuongezeka kwa misitu duniani kote, iliyotengenezwa kwa picha zaidi ya 650,000 za Landsat 7. Kwa dola 600 kila moja, picha peke yake zingegharimu dola milioni 390. Kwa bei ya EOSAT zingepita bilioni 2.8. Hakuna mtafiti duniani ambaye angezinunua, na ramani ile isingekuwepo.

13. Serikali hujuaje kama faida inazidi gharama?

Huwauliza watumiaji wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kama picha zisingekuwa bure, kisha hukokotoa. Kwa njia hiyo USGS ilikadiria faida ya Landsat kuwa dola bilioni 2.19 kwa mwaka 2011 na dola bilioni 3.45 kwa mwaka 2017. Makadirio hayo yanasaidia mbele ya kamati ya bajeti, lakini yachukuliwe kama kiwango cha chini. Mkulima ambaye maji yake yaligawanywa kwa haki kutokana na picha hajui kwamba picha ilihusika, wala hakuulizwa.

## Kudumu kwa data

14. Pengo la data ni nini, na kwa nini watu wanaliogopa kiasi hicho?

Ni kipindi ambacho setilaiti ya zamani imekufa na mpya haijarushwa. Linaogopwa kwa sababu thamani ya mpango mzima iko kwenye mfululizo. Picha ya leo ina manufaa yake, lakini picha ya leo ikiwekwa kando ya zote tangu 1972 inajibu maswali ambayo hakuna chombo kingine kinachoweza kuyajibu. Mfululizo ukikatika, setilaiti mpya haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na iliyotangulia, kwa sababu hazikupima ardhi ileile kwa wakati mmoja.

Marekani ilikaribia sana. Landsat 6 ilipotea mwaka 1993 bila kufika kwenye mzunguko wake. Landsat 5, iliyorushwa 1984 kwa matarajio ya miaka 3, ndiyo iliyobeba mzigo hadi ilipoacha kupiga picha za kawaida Novemba 2011. Kati ya hapo na Februari 2013, Landsat 8 iliporushwa, ilibaki Landsat 7 peke yake, nayo ikiwa na ulemavu (swali la 15). Mwaka 2004 serikali ilikuwa imeamua kihisi cha Landsat kipandishwe kwenye setilaiti za hali ya hewa zilizokuwa zikipangwa. Mwishoni mwa 2005 uamuzi ukageuzwa. Muda uliopotea katika kuyumba huko ndio uliolisogeza pengo karibu kiasi kile. Mfululizo uliokolewa na uimara wa chombo kimoja kizee. Haukuokolewa na mpango.

15. Setilaiti ikiharibika kidogo, hutupwa?

La. Mei 2003 kifaa cha kunyoosha mistari ya picha kwenye Landsat 7 kilikufa, na tangu hapo kila picha ilikosa takribani asilimia 22 ya eneo lake, ikiwa na michirizi myeusi inayopanuka kuelekea kingoni. Watumiaji walijifunza kuunganisha picha za tarehe tofauti ili kuziba michirizi. Iliendelea kutumika hivyo kwa miaka mingi.

Hali ni mbaya zaidi kifaa kinapokufa kabisa. Sentinel-1B, setilaiti ya rada ya Ulaya, ilipata hitilafu ya umeme Desemba 2021 na haikurudi. Ulaya ilikuwa na setilaiti nyingine ya aina hiyo kwenye mpango, lakini ilirushwa Desemba 2024. Kwa takribani miaka 3 baadhi ya maeneo yalipata picha za rada kwa nadra kuliko yalivyozoea.

## Hali za pembeni

16. Roketi ikilipuka, nani hufidia?

Kwa kawaida hakuna. Serikali nyingi hazikatii bima setilaiti zao za utafiti na huduma. Hasara ni ya hazina. Brazil na China zilipoteza CBERS-3 mwaka 2013, na Japani ikapoteza ALOS-3 Machi 2023 pamoja na roketi mpya ya H3. Bima halisi ni kuwa na setilaiti ya pili iliyokwisha kulipiwa. CBERS-4 ilirushwa mwaka mmoja tu baada ya ajali kwa sababu vipande vyake vingi vilikuwa tayari.

17. Si nafuu serikali ikinunua picha kwa kampuni badala ya kujenga?

Kwa mahitaji fulani ni nafuu. Mwaka 2020 serikali ya Norway ililipia picha za misitu ya tropiki, zikiwemo za kampuni ya Planet, ili watu wazitumie bure. Zilileta msaada mkubwa kwa wanaofuatilia ukataji wa misitu. Mpango huo ulifikia mwisho mapema mwaka 2025, na picha mpya za bure kwa njia hiyo zikakoma.

Kwa hiyo anayeandaa zabuni aulize mambo haya kabla ya bei: je, wizara nyingine zitaruhusiwa kuzitumia picha? Zitabaki mikononi mwa serikali mkataba ukiisha? Vipimo vyake vinalinganishwa na nini? Picha nzuri kwa macho ambayo namba zake hazilinganishiki na za mwaka jana haiwezi kuendeleza mfululizo uliozungumzwa kwenye swali la 14.

18. Nchi isiyo na setilaiti ipange nini?

Ianze na watu. Data ya Landsat na Sentinel-2 (pikseli ya mita 10, kila siku 5 kukiwa na setilaiti mbili) iko wazi kwa kila nchi. Kinachokosekana mara nyingi ni wachambuzi walioajiriwa kwa kudumu, kompyuta, na sheria inayoitaka wizara itumie matokeo. Wataalamu wanaolipwa na mradi wa miaka mitatu huondoka mradi ukiisha, na ramani zao huishia kwenye kompyuta za ofisi. Kuna pia mkataba wa kimataifa wa maafa, unaofanya kazi tangu mwaka 2000, ambao kupitia kwake mashirika ya anga hutoa picha bure nchi ikipatwa na mafuriko, tetemeko au moto.

Setilaiti ndogo ya taifa ina faida yake, hasa kuwafunza wahandisi. Ila isichukuliwe kama mbadala wa data ya Landsat na Sentinel.

19. Nchi inaweza kukataa kupigwa picha kutoka angani?

Hapana. Kanuni zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 3 Desemba 1986 haziweki sharti la kuomba ruhusa kwanza. Zinasema nchi iliyopigwa picha ipate data za eneo lake bila ubaguzi na kwa gharama za haki. Si mkataba wenye nguvu ya kisheria, lakini ndizo zinazorejelewa.

20. Je, picha hizi zinaweza kunionyesha mimi au gari langu?

Hapana. Pikseli moja ya Landsat ya mita 30 ni eneo la mita za mraba 900. Mtu, gari na hata nyumba ya kawaida huyeyuka ndani yake.

21. Zinaweza kuanza kulipiwa tena?

Zinaweza, kwa kuwa ni uamuzi wa sera. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliomba kamati yake ya ushauri ichunguze uwezekano wa kutoza. Kamati ilishauri data iendelee kuwa bure. Tishio la karibu zaidi ni setilaiti ijayo. Mpango wa Landsat Next ulikuwa wa setilaiti tatu zenye bendi 26. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kwenye bajeti yake upunguzwe, huku NASA ikitafuta njia nafuu zaidi ya kuendeleza picha. Kutafuta unafuu ni halali. Swali la kumwuliza kila anayelipendekeza ni kama njia hiyo nafuu itakuwa angani kabla Landsat 8 haijachoka.

22. Setilaiti ikizeeka, haiwezi kuongezewa mafuta?

NASA iliwahi kupanga hivyo: chombo cha roboti kiitwacho OSAM-1 kingeifuata Landsat 7, kiishike na kuijaza mafuta, ingawa haikuwa imeundwa kujazwa. Gharama na ucheleweshaji vilipanda, na mwaka 2024 NASA ikatangaza kuufuta mradi. Landsat 7 ilikuwa imekwisha kushushwa kutoka kwenye mzunguko wake wa kawaida ili kuipisha Landsat 9, na mafuta ya kushuka huko yalikuwa yamepigiwa hesabu mapema, kama inavyotakiwa kwenye mpango wowote wa setilaiti.